Benchi Lisilo na Majina

Watu wa Aldesbury walikuwa na mzaha wao, nao waliurudia kila askofu alipopita na fimbo yake ya dhahabu. Walisema Roho Mtakatifu alimshukia Osbern kweli, ila alishuka kwa amri ya mfalme. Gunnilda mfuaji ndiye aliyecheka kuliko wote. Nani angemkataza? Yeye na askofu walinyonya ziwa moja.

Habari yenyewe ilijulikana mpaka na kuku wa mjini. Mfalme mzee, baba wa huyu wa sasa, alipita Aldesbury msimu wa kuwinda, akamwona binti mshonaji, akamwachia mimba na ahadi. Binti akafa siku ya kujifungua. Kichanga kikapelekwa kwa mama yake Gunnilda, aliyekuwa akifua nguo za kanisa kuu, naye alikuwa na mtoto wake wa kike kifuani. Mama yule hakuuliza maswali. Aliwapakata wote wawili, mmoja kulia, mmoja kushoto, akaendelea na maisha. Gunnilda alidai hata alipokuwa mtu mzima kwamba Osbern alipewa ziwa lenye maziwa mengi, na ndiyo maana yeye alibaki mfupi.

Kisha siku moja mfalme mzee akakumbuka kwamba ana damu yake mahali fulani. Farasi wakaja, na mtoto akachukuliwa akiwa bado ananuka maji ya majivu ya kufulia. Watawa wakamfundisha kusoma. Baadaye akapelekwa kwenye jumba la mfalme, akakua pamoja na ndugu yake wa baba, mrithi halali, na Drogo, mtoto wa mkuu wa misitu. Watatu hao walikuwa mafiga matatu. Ukimtoa mmoja, chungu kinamwagika.

Vyeo vikafuata kama mvua ya masika. Osbern akawa shemasi mkuu kabla ndevu hazijamjaa. Papa wa Roma ikabidi aandike kumsamehe kosa la kuzaliwa nje ya ndoa, kana kwamba kosa lile alilitenda yeye. Akafanywa askofu, akarudishwa Aldesbury kukalia kiti cha mji uleule alikozaliwa. Na siku ndugu yake alipovishwa taji, Osbern ndiye aliyesimama upande wake wa kulia, mkono chini ya kiwiko cha mfalme, maana taji lile ni zito na hakuna anayetaka kumwona mfalme akiyumba.

"Kazi ya kushika kiwiko!" Gunnilda alisema aliposikia. "Hiyo hata mimi naiweza, tena bila kusoma."

Basi mambo yalikuwa hivyo, mzaha na amani, mpaka ulipokuja ule msimu wa baridi ambao shayiri iliozea ghalani na watu wakaanza kuchemsha magome ya miti.

Gunnilda alikuwa na mtoto mmoja tu, Hamo, kijana mwenye mabega mapana na maneno machache. Njaa ilipozidi, Hamo aliingia msitu wa mfalme akaua kulungu. Adhabu yake ilikuwa kitanzi, na kila mtu aliijua. Drogo, ambaye sasa ndiye mkuu wa misitu, alimkuta pale pale. Hamo akainua fimbo kujikinga, farasi akashtuka, akateleza kwenye barafu, na Drogo akaangukia kisiki mgongo ukavunjika. Jioni alikuwa maiti. Hamo alikimbia mpaka kanisa kuu, akaushika ule mkono wa chuma mlangoni, na kwa sheria ya nchi hiyo, aliyekishika chuma kile hakuna askari wa kumgusa akiwa ndani.

Lakini hifadhi ile ina mwisho wake. Mtu hupewa siku arobaini. Ndani ya siku hizo hakimu wa mfalme huja kanisani, husikiliza kiapo chake, na mkosaji huondoka nchini moja kwa moja, asirudi tena. Hakimu asipokuja, siku zikiisha, hakuna anayeruhusiwa kumpa mkimbizi hata ganda la mkate. Anakufa njaa mbele ya madhabahu au anatoka nje kunyongwa, achague mwenyewe. Na safari hii hakimu alikatazwa kuja. Mfalme alikuwa amempoteza Drogo, na huzuni ya mfalme si kama yako na yangu, ina askari.

Siku zile zilikuwa zinaishia Ijumaa Kuu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Gunnilda aliacha kucheka. Alipeleka mkate na samaki mkavu kanisani kila asubuhi, akamtazama Hamo akila bila kuinua macho. Juu ya siku ile ya msituni Hamo hakutamka neno. Askofu naye alikuwa amepanda farasi kwenda kwa ndugu yake kuomba, na Gunnilda alimngoja kama mgonjwa anavyongoja kupambazuke.

Alirudi wiki ya mwisho ya Kwaresima. Hakwenda kwanza nyumbani kwake. Alishuka mtoni, pale Gunnilda alipokuwa akipiga nguo za madhabahu kwa ubao, akasimama kwenye tope na viatu vyake vizuri.

"Haya, sema," Gunnilda alimwambia bila kugeuka. "Usinizungushe."

"Amekataa."

"Uliomba vizuri? Au uliomba kwa Kilatini?"

"Nilipiga magoti, Gunni. Akaniinua, akanikumbatia, akasema nimwombe chochote kile isipokuwa hicho. Kisha akanipa Kantaberi."

Ubao ukasimama hewani. Askofu mkuu wa Kantaberi alikuwa amefariki msimu ule wa baridi, na kiti chake ndicho kikubwa kuliko vyote katika nchi. Anayekikalia ndiye anayewavika wafalme taji.

"Ulikwenda kuniombea roho ya mwanangu," Gunnilda alisema polepole, "ukarudi na Kantaberi."

"Atatangaza Jumapili ya Pasaka, hapa hapa kanisani kwetu. Anakuja Jumatano na watu wake wote."

"Hongera! Kumbe Hamo ana bei nzuri." Akamtupia kitambaa kibichi kifuani, kikalia *pwa* kwenye joho lake. "Nenda! Nenda kavae dhahabu yako. Mama alikupa ziwa kubwa bure."

Osbern hakukasirika. Alikitoa kitambaa kile kifuani, akakikamua vizuri kama alivyofundishwa utotoni, akakiweka kwenye kikapu.

"Alhamisi nitahitaji taulo," alisema. "Zilete mwenyewe kwenye chumba cha mavazi. Usimtume mtu."

Sasa lazima niseme juu ya Alhamisi ile. Kila mwaka, Alhamisi kabla ya Pasaka, mfalme wa nchi hiyo huwaosha maskini miguu. Palipo na kanisa kuu huwekwa benchi, maskini huketi viatu vimevuliwa, na mfalme hujifunga taulo kiunoni, akapiga magoti kwa kila mmoja. Askofu humshikia beseni na kummiminia maji. Anayechagua wa kukaa kwenye benchi ni askofu peke yake, na tangu enzi za bibi yake mfalme, mama aliyekuwa mcha Mungu na mkali, ilikatazwa kuuliza majina. Yeyote aliyeketi pale ni Kristo, alisema yule bibi, na Kristo haulizwi anatoka ukoo gani. Ukimpita mmoja umempita Mwenyewe.

Alhamisi Gunnilda aliingia chumba cha mavazi na taulo zake zimekunjwa mikononi. Mfalme na askofu walikuwa peke yao. Mfalme alikuwa mtu mwembamba, macho mekundu ya asiyelala. Hakumwona. Wakubwa hawamwoni mfuaji, wanaona nguo safi tu. Gunnilda akasimama kando ya kabati.

"Nataka kukwambia aliyeko mwisho wa benchi," Osbern alisema.

"Usiniambie. Bibi alikataza."

"Mwaka huu nakwambia, maana sitaki kukuvizia. Ni Hamo, mtoto wa Gunnilda."

Mfalme akacheka kicheko kibaya, cha puani.

"Unanipiga kabali ndani ya kanisa, Osbern. Mbele ya watu wangu. Mbele ya Walkelin!" Huyo Walkelin alikuwa kaka wa marehemu Drogo, na alikuwa ameshaketi mbele kabisa, nguo nyeusi mpaka shingoni.

"Ndiyo maana nakwambia kabla. Mlango ule pale. Unaweza kusema unaumwa."

"Na nikimpita?"

"Nitamwosha mimi, na hakuna atakayekulaumu kwa sauti."

"Na nikimwosha?"

"Basi utakuwa umemwosha Kristo miguu leo, na kesho utamwacha afe njaa. Sijui utalalaje."

Mfalme akamshika joho kwa ngumi zote mbili. "Drogo alikuwa rafiki yako pia! Alituvusha mto mgongoni, mimi na wewe, wewe ukilia kama kifaranga!"

"Najua. Nilimzika kwa mikono hii."

"Nimekupa Kantaberi."

"Najua."

"Nitampa mwingine."

"Mpe," Osbern alisema, na sauti yake ikatetemeka hapo, Gunnilda aliisikia. Aliitaka Kantaberi. Mungu wangu, mtu yule aliitaka, alikuwa akiitaka tangu akiwa mtoto wa watawa mwenye wino vidoleni, mtoto wa nje aliyetaka kukaa mahali ambapo hakuna atakayemwuliza tena mama yake ni nani. Na sasa alikuwa akiiacha kwa ajili ya mwizi wa kulungu. Gunnilda alitamani kumwomba radhi kwa kile kitambaa, lakini mfalme alikuwa bado amelishika joho.

Kengele ikalia. Mfalme akaachia joho, akageuka, akanyoosha mkono bila kutazama, na Gunnilda akampa taulo la kwanza.

Kanisa lilikuwa limejaa mpaka watu walipanda juu ya makaburi ya mawe. Kwenye benchi walikuwepo kipofu wa daraja la mto, wajane, mzee mwenye mkono mmoja, na mwisho kabisa Hamo, miguu yake imekuwa ya buluu kwa baridi ya sakafu. Mfalme alianza. Alipiga magoti, Osbern akamimina, maji yakaingia beseni, taulo, busu juu ya mguu, anasimama, anayefuata. Alifanya taratibu, hakuruka hata kidole. Gunnilda alimfuata na taulo zake, na kwa kila mguu alioufuta mfalme, yeye alihisi kamba inakazwa.

Akafika mwisho. Akasimama.

Watu walianza kumtambua Hamo, mmoja baada ya mwingine, minong'ono ikapita kanisani kama moto wa nyasi, kisha ikazimika yenyewe. Walkelin aliinuka. Mkono wake ulikwenda nyongani, mahali ambapo upanga ungekuwepo kama si kanisani. Osbern alikuwa ameshika birika, hakulishusha.

Mfalme akasema neno, na neno lile halikuwa kwenye kitabu chochote cha sala.

"Alikufa vipi?"

Wa kwenye benchi hawasemi. Hamo alimtazama askofu, na askofu akaitikia kwa kichwa kumruhusu.

"Polepole, bwana wangu," Hamo alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. "Sikumwacha. Nilitaka kukimbia nikashindwa. Aliuliza kwanza kama farasi ameumia. Nikamwambia hajaumia. Akasema ana kiu. Nikayeyusha theluji mikononi nikamnywesha."

"Akasema nini tena?"

"Alisema..." Hamo akasita. "Alisema mwambie Kijiti asimuuze yule farasi. Mimi simjui Kijiti, bwana wangu. Nimeuliza moyoni siku zote hizi ni nani, nimpe ujumbe wake, sikumjua."

Rangi ilimtoka mfalme usoni. Katika ulimwengu mzima lile jina lilijulikana na watu watatu tu, na mmoja wao alikuwa chini ya udongo. Akamgeukia Osbern taratibu.

"Ulimfundisha wewe?"

Angeweza kuapa. Alikuwa na misalaba ya kuapia kila upande. Osbern hakuapa.

"Hapana, Kijiti," alisema.

Hapo mfalme akaanguka. Sisemi alipiga magoti. Alianguka, magoti yakagonga jiwe, akaishika miguu ile ya buluu kwa mikono miwili na kulia kwa sauti, mbele ya wakuu wake na wauza samaki wa Aldesbury. Osbern akamimina. Nusu ya maji ilimwagika chini. Mfalme aliosha, akakosa taulo kwa sababu Gunnilda hakuweza kunyanyua mkono, akafuta kwa mikono ya nguo yake mwenyewe, akabusu mguu wa kulia, akabusu wa kushoto. Watu waliokuwa wamesimama juu ya makaburi walishuka bila kuambiwa, wakapiga magoti.

Alipoinuka alikuwa amezeeka. Alisema kwa sauti ndogo, lakini Gunnilda alikuwa karibu, alisikia kila neno.

"Hakimu asikilize kiapo chake leo. Avuke bahari. Nisimwone tena." Kisha akamtazama nduguye. "Na wewe utakaa hapa hapa, Osbern. Hapa hapa mpaka uzikwe. Siwezi kukutazama kila siku nikakumbuka leo."

"Nitakaa, bwana wangu," askofu alijibu.

Siku ya Pasaka Kantaberi ikatangazwa kuwa ya mtu mwingine, na huyo mwingine simtaji, maana hakufanya jambo la kusimuliwa.

Sasa mtu angesema yamekwisha, Hamo amepona. Bado. Mwenye kuhama nchi kwa kiapo hutembea peku, kanzu moja, msalaba wa mti mkononi, mpaka bandari anayotajiwa na hakimu. Haruhusiwi kuiacha barabara ya mfalme hata kwa hatua. Akiiacha, yeyote anayemkuta anaweza kumkata kichwa, na hakuna kesi. Mfalme alikuwa amesamehe, lakini Walkelin hakuwa ameapa chochote. Asubuhi ile ya kuondoka alikuwa juu ya farasi nje ya lango la mji na vijana wa ukoo wake, mapanga ubavuni. Barabara ni ya wote. Nani angewakataza kuitumia?

Gunnilda alikuwa amefunga mkate kwenye shuka, tayari kumfuata mwanawe. Ndipo alipomwona Osbern akitoka mlango wa kanisa. Akaketi kizingitini, akaanza kuvua viatu.

"We, unafanya nini?"

"Nasindikiza mgeni."

"Utakufa kwa baridi, mtu mzima wewe! Miguu yenyewe laini kama ya bibi arusi."

"Huachi tu kunitabiria mabaya," askofu alisema. Akaviweka viatu sawasawa kando ya mlango, akaenda akasimama kando ya Hamo, upande ule farasi walikokuwa.

Walitembea. Mapadre wa kanisa kuu walimfuata mpaka lango wakimsihi kwa machozi, wakakata tamaa. Osbern alitembea katikati ya Hamo na wale wapanda farasi, saa zote, na kila farasi walipobadili upande, yeye alihamia upande huo. Siku ya kwanza miguu yake ilitoa malengelenge, ya pili ikatoa damu. Sheria ilikuwa sheria: walilala katikati ya barabara, wakala katikati ya barabara, na hata haja zilifanyika katikati ya barabara ya mfalme, askofu amelitandaza joho lake la zambarau kama pazia, akitazama mbingu na kuimba zaburi ili kijana asione haya. Gunnilda alicheka mara ya kwanza tangu msimu wa baridi. Alicheka mpaka akalia. Wenye magari ya ng'ombe walisimama kutukana, nani kaziba njia, kisha wakaiona pete ya askofu kidoleni mwa yule mzee mwenye tope, wakavua kofia na kuzunguka shambani na ng'ombe wao. Wanawake wa vijijini walitoka na uji. Hakuna aliyecheka isipokuwa Gunnilda.

Hamo alijaribu siku moja kumwambia arudi. "Baba Askofu, umeshafanya ya kutosha. Kama ni kufa nife tu."

"Nyamaza utembee," Osbern alimwambia. "Mama yako amenipiga na kitambaa kibichi kwa ajili yako. Sitaki cha pili."

Walipofika pwani hapakuwa na meli ya kuondoka. Na hapo sheria ina jambo jingine, la kikatili au la huruma, sijui. Asiyepata meli huingia baharini kila siku mpaka magotini, na kupaza sauti kuomba apelekwe, ili ijulikane kwamba kweli anataka kuiacha nchi. Hamo aliingia, na askofu akaingia naye.

Bahari ya upande ule mwezi wa nne si bahari ya kuogea. Maji yake yanauma mfupa. Gunnilda alisimama juu ya kokoto, nyuma yake Walkelin na farasi wake kimya, akawatazama wawili wale wakipaza sauti kwa pamoja, "Nivushe, kwa pendo la Mungu na la mfalme!" Ndugu ya mfalme, mtu aliyeshika kiwiko chini ya taji, alikuwa ndani ya maji akipiga mayowe kama muuza kaa, na midomo yake ilikuwa nyeusi. Walirudi siku iliyofuata. Na iliyofuata. Gunnilda alikuwa amemwona mtu yule akilambishwa asali, akitolewa chawa, akichapwa kwa kuiba tufaha. Alidhani anamjua. Sasa alimwogopa, kwa hofu ile inayomfanya mtu anyamaze kanisani, na hakuona aibu kuogopa.

Hatimaye meli ya sufu ikakaribia, na nahodha wake akajiegemeza ubavuni.

"Mnapiga kelele za nini nyie?"

"Huyu anahama nchi kwa kiapo," Osbern aliita. "Mpe nafasi!"

"Na wewe, babu, nani?"

"Askofu wa Aldesbury."

Nahodha akawageukia watu wake. "Mmesikia? Huyu askofu. Na mimi ndiye Papa, karibuni Roma!" Wakaangua kicheko.

Gunnilda aliingia majini na nguo zake zote. "We mwana wa samaki!" alimpigia kelele. "Kwani huna macho? Huyo ni Osbern, ndugu yake mfalme, na amenyonya ziwa la mama yangu! Mtazame miguu! Mtazame kidole, kama hujaona pete!"

Nahodha alitazama. Kicheko kilikatika. Akaruka kutoka melini mpaka maji yakamfika kifuani, akainamisha kichwa mpaka uso ukalowa. Osbern akambariki, akamwambia ampeleke kijana salama. Hamo alimkumbatia mama yake ndani ya maji. Hakusema maneno mengi, kama kawaida yake. Alisema, "Mama, nimeshiba." Akapandishwa, na meli ikaondoka na upepo wa asubuhi.

Wakatoka majini wawili tu, wameshikana, wazee wawili wanaojikwaa kwenye kokoto. Walkelin alikuwa ameshuka farasi, amesimama njiani kwao. Vijana wake walibaki nyuma. Hakuna aliyejua atafanya nini, na nadhani hata yeye hakujua.

Alikuwa anaitazama meli.

"Bwana Askofu," alisema mwishowe, "huwezi kurudi kwa miguu hiyo. Chukua farasi wangu."

Osbern alikuwa akitetemeka kiasi kwamba maneno yalimtoka vipande vipande. "Mpe mama yake."

Uso wa Walkelin ukakakamaa. Mama wa aliyemuua ndugu yake, juu ya farasi wake, mbele ya vijana wa ukoo. Mawimbi yalipiga na kurudi, yakapiga na kurudi. Gunnilda alitaka kusema hapana, asante, mimi natembea, mimi ni mfuaji tu.

Kisha yule mtu mwenye nguo nyeusi akamvuta farasi karibu, akapiga goti moja kwenye kokoto zilizolowa, akaunganisha viganja vyake viwili kuwa kipandio.

"Panda, mama," alisema.

Gunnilda aliitazama mikono ile. Mguu wake ulikuwa na mchanga na tope na damu kidogo ya barabarani. Akauweka.